Bijapur, Mji Uliojengwa na Wageni

Kuba ya Gol Gumbaz huonekana kabla ya mji wenyewe. Ukitokea Solapur kwa treni unakata uwanda wa udongo mweusi, mtama upande huu, mizabibu upande ule, hata macho yanachoka. Ndipo linapochomoza kwa mbali duara la kijivu, kubwa kuliko kitu chochote unachotarajia kukiona mahali kama pale. Abiria wenzangu walikuwa wanashusha mizigo, hakuna aliyegeuza shingo. Ni mimi mgeni niliyebandika uso kwenye nondo za dirisha.

Rasmi mji huu unaitwa Vijayapura tangu mwaka 2014, ila madereva wa bajaji na wenye migahawa wanaendelea kusema Bijapur, nami nitawafuata wao. Uko kaskazini mwa jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Kuanzia 1490 hadi 1686 ulikuwa makao ya nasaba ya Adil Shahi, mojawapo ya dola tano zilizozaliwa usultani wa Bahmani uliposambaratika. Mwanzilishi wake, Yusuf Adil Khan, alikuwa mgeni aliyefika kwa njia ya Uajemi, na mwanahistoria wa enzi ya warithi wake akamwandikia ukoo wa kifalme wa Uturuki. Nyuma yake wakafuata washairi wa Kiajemi, mafundi wa mizinga wa Kituruki, wauza farasi wa Kiarabu, na watu weusi waliotoka Uhabeshi na nchi jirani zake, ambao wengi waliletwa wakiwa watumwa.

Hawa wa mwisho ndio walionipandisha treni. Kuna wakati baadhi yao waliushika utawala wa Bijapur mikononi mwao, na nilitaka kujua wameacha nini pale.

Kila mgeni huanzia Gol Gumbaz, nami sikuwa na ubavu wa kukataa. Ni kaburi la Muhammad Adil Shah, aliyetawala 1627 hadi 1656. Umbo lake ni jepesi kulieleza: mchemraba wa mawe uliofunikwa kwa nusu tufe, na katika kila pembe mnara wa ghorofa saba. Kipenyo cha kuba kwa nje ni kama mita 44, na chini yake hakuna nguzo hata moja. Ukiinua kichwa unaona siri yake: matao manane makubwa yanakingamana juu ya kuta, yanageuza mraba kuwa duara, na uzito wote unashuka kwa kugawanywa. Katikati ya sakafu kuna jukwaa lenye makaburi ya sultani, wake zake, jamaa zake, na Rambha, mchezaji dansi aliyempenda. Hayo ya juu ni ya kuonyesha tu. Walizikwa chumba cha chini.

Ngazi za mnarani ni nyembamba na zina giza. Unapanda ukigusa ukuta kwa bega, unapishana na familia zinazoshuka zikihema, hatimaye unatokea juu, nje, kwenye upepo. Kutoka hapo mlango mdogo unakuingiza kwenye ushoroba unaozunguka shingo ya kuba kwa ndani. Humo ndimo penye miujiza. Ukuta wa duara unaichukua sauti na kuitembeza ukingoni, hivi kwamba mtu akinong'ona huku, aliye upande wa pili, karibu mita arobaini hewani, anamsikia kama wamekaa mkeka mmoja. Neno likitamkwa kwa nguvu hurudi mara saba au zaidi. Ndivyo inavyokuwa watu wakinyamaza. Siku niliyopanda walikuwamo wanafunzi wa shule mbili au tatu, na kila mtoto alikuwa na jina la kuita. Kelele ziligongana, zikazaa kelele nyingine, hadi kuba nzima ikawa inavuma. Mlinzi alipuliza filimbi kuwanyamazisha, na filimbi nayo ikarudi mara saba.

Sultani huyu aliyelala chini ya kuba hakutawala peke yake. Waziri wake mwenye nguvu alikuwa Malik Raihan, Mhabeshi aliyepewa cheo cha Ikhlas Khan. Ipo picha maarufu ya katikati ya karne ya 17 inayowaonyesha wote wawili juu ya tembo mmoja: sultani mbele, Ikhlas Khan nyuma yake, mweusi, amevaa kitambaa cha thamani kama cha bwana wake. Wachoraji wa Bijapur walimchora tena na tena. Raihan, Yaqut, Ambar, Sandal: majina ya manukato na vito namna hiyo ndiyo waliyobandikwa watumwa wa majumba ya kifalme, na yakaendelea kuwafuata hata walipokuwa mawaziri na majemadari.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mtoto aliyekamatwa vitani au kuuzwa Uhabeshi alipitishwa bandari za Bahari ya Sham na Uarabuni, akasilimishwa, akafundishwa silaha au hesabu, kisha akauzwa Deccan, uwanda wa juu wa India ambako Bijapur ipo. Sultani au mkuu aliyemnunua alitaka mtu asiye na ukoo pale nchini, asiye na wajomba wa kula nao njama. Bwana akifa, mara nyingi mtumwa alikuwa huru, na sasa ana ujuzi, farasi na wenzake wa asili moja. Wahabeshi wa Deccan wakawa kundi la kisiasa. Wakaungana na Waislamu waliozaliwa Deccan dhidi ya wageni wa Kiajemi, na ugomvi wa makundi hayo ndio uliokuwa siasa ya Bijapur kwa vizazi kadhaa. Ali Adil Shah wa Kwanza alipouawa mwaka 1580, mrithi wake Ibrahim alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Baada ya purukushani za walezi, Mhabeshi Dilawar Khan alikamata hatamu mwaka 1582, akatawala kwa jina la mtoto huyo kwa takriban miaka minane, hadi Ibrahim alipopata nguvu za kumfukuza.

Hayo nilikuwa nimeyasoma. Msikiti wa Ijumaa ulinionyesha jambo ambalo kusoma peke yake hakukutosha kunionyesha. Ulianzishwa na huyo Ali wa Kwanza baada ya vita vya Talikota vya Januari 1565, ambamo Bijapur na jirani zake waliishinda dola kuu ya Kihindu ya Vijayanagara na kuuangamiza mji wake. Ni jengo la utulivu: matao meupe yaliyopangana safu kwa safu, na sakafu iliyochorwa mistari myeusi kugawa nafasi 2,250 za kuswalia, kila mtu na mraba wake. Kila kitu humo kina kiasi, isipokuwa mihrabu. Mihrabu imefunikwa dhahabu na rangi kuanzia chini hadi juu. Nilisogea karibu. Fundi alichora rafu za uongo zenye vitabu vilivyolazwa, vyombo vya maua, taa zinazoning'inia kwa minyororo, na maandishi yaliyozunguka pande zote. Sehemu nyingine rangi imebanduka na plasta inaonekana. Maandishi hayo yanamtaja aliyeifanya kazi hiyo mwaka 1636 kwa amri ya Muhammad Adil Shah: Malik Yaqut, mtumishi wa sultani. Waumini wanaoelekea kibla pale mbele wanalielekea pia jina la mtu aliyeingia mjini akiwa bidhaa.

Dereva wangu wa bajaji, mzee mwenye kofia nyeupe, alinisubiri nje akitafuna tambuu. Alinitazama kwa muda kabla ya kuuliza.

"Wewe Siddi?"

"Hapana mzee. Natoka Tanzania."

"Afrika," alisema, akatikisa kichwa kwa namna yao ile ya kukubali. "Siddi wapo Haliyal. Wanafanana na wewe. Kikannada chao kizuri kuliko changu."

Alikuwa sahihi kuhusu Haliyal, na nitawarudia hao Wasiddi. Kwanza alinipeleka Ibrahim Rauza, magharibi mwa mji, na njia nzima alinieleza kwamba wageni wanapenda ukubwa ila wenyeji wanapenda uzuri.

Ibrahim Rauza ndiyo uzuri aliousema. Ni majengo mawili juu ya jukwaa moja, kaburi na msikiti, yanatazamana na birika katikati, na minara myembamba imeota kwenye pembe zake. Ibrahim Adil Shah wa Pili, yule mtoto aliyelelewa na Dilawar Khan, alitawala hadi 1627 na amelala hapa pamoja na malkia Taj Sultana. Kuta za nje za kaburi zimechongwa maandishi na maua hadi hakuna nafasi ya kuweka kiganja. Madirisha yake ndiyo yaliyonishika zaidi: herufi za Kiarabu zimetobolewa kwenye jiwe, hivi kwamba mwanga unapita katikati ya maneno. Ndani, dari ya chumba ni bapa. Ni vipande vya mawe vilivyounganishwa kingo kwa kingo, vimeshikwa na chokaa tu, na vimekaa hivyo tangu karne ya 17. Maandishi ya kaburini yanataja gharama, zaidi ya sarafu 150,000 za dhahabu zilizoitwa hun, na yanamtaja msimamizi wa ujenzi: Malik Sandal. Jina la aina ile ile.

Malik Sandal huyo ndiye aliyejenga pia Taj Bawdi mwaka 1620, kisima kikubwa cha ngazi kilichopewa jina la malkia. Unapita chini ya tao refu kati ya minara miwili ya pembe nane, unashuka ngazi, mara mbele yako kuna bwawa la mraba lenye kuta za mawe zenye kimo cha nyumba ya ghorofa. Pembeni kuna vyumba ambamo wasafiri walipumzika. Kwa miaka mingi kisima hiki kilitupiwa taka na maji yake yakaoza. Kimesafishwa miaka ya karibuni, na nilipofika wavulana wawili walikuwa wanatupa vijiwe kuona vinaruka mara ngapi.

Maji ndiyo yanayoeleza jinsi mji mkuu ulivyowezekana hapa. Deccan ni nchi ya mvua za kubahatisha. Masultani walichimba mifereji ya chini ya ardhi kutoka kijiji cha Torvi, wakajenga Bwawa la Begum Talab mwaka 1651, wakayaleta maji mjini kwa mabomba ya udongo, na njiani wakasimamisha minara ya mawe ya kupunguza msukumo ili mabomba yasipasuke. Minara hiyo bado ipo, mingine katikati ya mitaa, imebanwa na maduka ya simu na vioski vya chai, na wapita njia hawaiangalii. Shirika la World Monuments Fund liliingiza mifumo ya kale ya maji ya Deccan katika orodha yake ya mwaka 2020 ya urithi unaohitaji kuangaliwa. Kwa maoni yangu mnara mmoja wa maji unafundisha kuhusu Bijapur mambo mengi kuliko makaburi matano.

Ibrahim wa Pili mwenyewe, yule aliyelala Ibrahim Rauza, alikuwa mfalme wa ajabu. Alipenda muziki kuliko vita, akaandika kitabu cha nyimbo, Kitab-i Nauras, kwa Kidakhni, lugha ya sokoni na kambini badala ya Kiajemi cha kasri. Humo anamsifu Mtume na mtakatifu wa Kisufi Gesu Daraz, na anamsifu pia Saraswati, mungu wa kike wa elimu na muziki kwa Wahindu. Chombo chake cha nyuzi alikipa jina kama mtu: Moti Khan. Mwaka 1599 alianza kujenga mji mpya wa sanaa, Nauraspur, magharibi mwa Bijapur. Mwaka 1624 mji huo uliporwa na kuchomwa, na aliyefanya hivyo alikuwa Mhabeshi: Malik Ambar, aliyekuwa mtawala halisi wa dola jirani ya Ahmadnagar. Malik Ambar aliuzwa mara kadhaa utotoni, akaishia kwa waziri wa Ahmadnagar ambaye naye alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa. Bwana wake alipofariki, akatafuta riziki kwa upanga, na kwa muda alitumikia Bijapur yenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ni rahisi kuwapenda Wahabeshi wa Deccan kama ndugu waliofanikiwa ugenini. Walikuwa wanasiasa. Walipigana wao kwa wao, wakang'oana macho, wakachoma miji, sawasawa na wakubwa wengine wa zama zao.

Mchana nilikula kwenye khanavali, mgahawa wa kawaida wa huku, watu wamekaa kwenye mabenchi wakila bila maongezi mengi. Mkate ni wa mtama, mwembamba, umetandazwa kwa kupigwapigwa na viganja. Mwanamke aliyeupika nilimsikia jikoni kabla ya kumwona. Unaletewa biringanya ndogo zilizojazwa viungo na karanga, unga wa karanga wenye pilipili, kitunguu kibichi na mtindi. Nilikula hadi mhudumu akaacha kuniuliza na akawa anaongeza tu.

Ukutani magharibi mwa mji kuna Malik-e-Maidan, mzinga wa shaba nyeusi wenye uzito unaokadiriwa tani 55. Uliundwa Ahmadnagar mwaka 1549 na fundi aliyeitwa Muhammad bin Hasan Rumi, Mturuki kama jina lake linavyosema. Mdomo wake ni kichwa cha simba kinachomtafuna tembo. Niliutia mkono kinywani, shaba ikiwa ya moto kwa jua la alasiri, nikayapapasa meno yaliyolainishwa na viganja vya watu wengi.

Mzinga huo haukuuokoa mji. Aurangzeb, mfalme wa Mughal, aliuzingira kwa zaidi ya mwaka, na Septemba 1686 sultani wa mwisho, Sikandar, ambaye alikuwa bado kijana, akajisalimisha. Simulizi za mji husema alifikishwa mbele ya mshindi katika ukumbi wa Gagan Mahal akiwa amefungwa minyororo ya fedha. Tao kubwa la ukumbi huo bado limesimama, na watoto wanacheza kriketi mbele yake. Bara Kaman, kaburi la sultani Ali wa Pili aliyefariki 1672, halikumalizika kamwe. Limebaki safu za matao bila paa. Waingereza walipohamishia mjini makao ya wilaya mwaka 1885, waliyagawa magofu kuwa ofisi na makazi: msikiti wa Gol Gumbaz ukawa nyumba ya wageni, mwingine ukawa posta, mpaka Lord Curzon, gavana wao mkuu nchini India, alipoamuru, mwanzoni mwa karne ya 20, mambo hayo yakome. Leo majengo makuu yako chini ya idara ya mambo ya kale ya serikali ya India, na tangu 2014 yamo katika orodha ya awali ya kupendekezwa UNESCO.

Na Wasiddi? Hawa wa Haliyal, Yellapur na Mundgod, katika misitu ya magharibi mwa jimbo, si wajukuu wa mawaziri. Wengi wao wanatokana na watu walioletwa Goa na Wareno, na sehemu kubwa ya hao walitoka Msumbiji na kusini mashariki mwa Afrika, upande wetu wa bahari. Waliotoroka mabwana zao walijificha msituni, wakawa wakulima na vibarua, Wahindu, Waislamu na Wakristo. Mwaka 2003 serikali iliwatambua rasmi, katika wilaya ya Uttara Kannada, miongoni mwa makabila yanayostahili nafasi maalumu za elimu na ajira. Kati ya Ikhlas Khan juu ya tembo na mkulima wa Haliyal anayepigania hati ya shamba kuna tofauti kubwa, na mgeni kutoka Afrika Mashariki afanye hadhari asiwachanganye kwa sababu ya rangi ya ngozi tu. Wa kwanza alinunuliwa ili awe askari wa mfalme. Wa pili ni mjukuu wa mtu aliyenunuliwa afanye kazi nyumbani na shambani. Bidhaa iliyouzwa ilikuwa moja; soko ndilo lililoamua nani atakumbukwa kwa jina.

Historia ya utumwa niliyofundishwa shuleni iliishia bandarini: misafara, minyororo, jahazi, basi. Kilichowapata watu baada ya jahazi kutia nanga ng'ambo hakikuwamo kwenye mtihani. Kwa hiyo atakayekwenda Bijapur namshauri asikubali mpangilio wa ziara anaopewa stesheni. Aanze Taj Bawdi asubuhi, apite kwenye minara ya maji, aingie Msikiti wa Ijumaa nje ya saa za swala na kuitazama mihrabu ya Malik Yaqut kwa utulivu, kisha Ibrahim Rauza jua likiwa limeinama na mwanga umeingia kwenye herufi za madirisha. Akimaliza hapo, na akiwa na siku moja zaidi, asirudi kwenye makaburi. Apande basi la Haliyal.